Na Farasi Ni Nani?

Mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, kijana mmoja aliyekuwa akiwania kiti cha mwakilishi wadi kule kwetu alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba niliacha chuo, niko Nairobi, na naandika kwa malipo. Alitaka hotuba mbili, ya Kisomali na ya Kiswahili, pamoja na maneno machache ya kuweka kwenye bango. "Walaal," akasema, "ya Kiswahili iwe na uzito. Kama ile ya taarifa ya habari." Tukaelewana elfu nane. Nikafungua laptopu, na sentensi ya kwanza iliyonijia, hata kabla sijafikiri, ikawa hii: Wakati wa vijana kushika hatamu ni sasa.

Niliipenda. Ilikuwa na mdundo, ilikuwa na uzito alioutaka, na haikumkera mtu yeyote.

Siku hizo nilikuwa nimerudi Balambala kumwona ayeeyo, mama yake mama. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, na mazungumzo ya jioni yalikuwa ni ya mizoga: nani amepoteza ng'ombe wangapi, nani amebakiza nini. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye mkeka nikisoma hotuba kwa sauti ili nisikie inavyotiririka. Kiswahili cha ayeeyo ni cha redio na cha dukani, lakini masikio yake ni makali. Akaniuliza "hatamu" ni nini. Nikamweleza kwa Kisomali: ni ile kamba ya kichwani mwa farasi ambayo aliyempanda huishika.

"Xakame," akasema.

Ndiyo, xakame. Akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani yameisha.

"Vijana watashika xakame. Haya. Na farasi ni nani, ayeeyo?"

(Kwa asiyejua: kwetu bibi humwita mjukuu "ayeeyo" vilevile, kama mama anavyomwita mtoto wake "hooyo". Jina la undugu huenda na kurudi.)

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameuliza swali na alikuwa anangoja jibu, kama mtu aliyeuliza bei ya sukari. Sikuwa nalo. Tangu siku ile nimekuwa nikilizungusha neno hilo kichwani, na nimegundua kwamba nilikuwa nimelitumia mara mia bila kuliona.

Kwanza, hatamu yenyewe hakuna anayeijua. Mjini Garissa kuna mikokoteni ya punda mchana kutwa, ya maji, ya kuni, ya mifuko ya saruji. Wale vijana wanaoiendesha wameshika hatamu kihalisi kuliko gavana yeyote, kwa viganja vyao. Waulize wameshika nini, watakwambia kamba. Neno "hatamu" halifiki kwenye mkokoteni. Linaishi kwenye taarifa ya habari ya saa moja, kwenye magazeti na kwenye insha za shule, na kila mara linafuatwa na "za uongozi", kama mtu asiyetoka nje bila mlinzi. Mimi mwenyewe farasi wa kwanza kumwona kwa macho nilimwona Ngong Racecourse, nikiwa na miaka ishirini, nikiwa nje ya ua. Jamaa wa farasi wa porini tuliye naye kwetu ni punda milia, na huyo binadamu hajamweza, ukiwaacha wachache kama Rosendo Ribeiro, daktari Mgoa wa Nairobi ya zamani, ambaye alizunguka kwa wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia. Picha ipo.

Pale Ngong ndipo nilipoona jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Kichwani mwa farasi kuna mikanda ya ngozi inayopita nyuma ya masikio na pembeni mwa mashavu. Mikanda hiyo inashikilia lijamu, yaani kipande cha chuma kinachopita mdomoni. Farasi ana pengo kati ya meno ya mbele na magego, sehemu ya ufizi mtupu, na chuma hukaa hapo hapo, juu ya ulimi. Hatamu zimefungwa kwenye ncha mbili za hicho chuma. Ukivuta kidogo, chuma kinagandamiza ulimi na ufizi. Mnyama ana nguvu za kumrusha mtu hadi ng'ambo ya ua, lakini anageuka kushoto kwa sababu ya vidole viwili. Mpandaji mzuri havuti kwa nguvu, na wanaojua farasi watakuambia mkono mwepesi ndio sifa yake. Sawa. Lakini mkono mwepesi unasikika kwa sababu chuma kipo.

Nilirudi kwenye kamusi nikitafuta kujitetea. Nikakuta jambo ambalo sikulitarajia: hatamu haikuanza kwa farasi. Inatoka kwenye neno la Kiarabu khitamu, ambayo ni kamba inayofungwa puani au mdomoni mwa ngamia ili kumwongoza. Lina uhusiano na neno lao la pua ya mnyama. Nilifurahi kama mtu aliyepata noti kwenye suruali ya zamani. Neno la taarifa ya habari, lile la suti na tai, kumbe ni la kwetu! Ni la ngamia, na lilipita Balambala kabla halijafika Nairobi (natania, lilipita pwani). Nikamwendea ayeeyo na habari hiyo. Nikamwambia tuache farasi, hatamu ni kamba ya ngamia.

"Basi hiyo si xakame," akasema. "Hiyo ni hoggaan."

Hapa ndipo mambo yalipoanza kunikaa vibaya, maana hoggaan na xakame hazifanani hata kidogo. Hoggaan ni kamba ya kumwongozea ngamia wa mizigo. Na sisi ngamia hatumpandi, isipokuwa mgonjwa, mzee sana au mtoto mdogo. Anabeba nyumba: ile miti iliyopindwa, mikeka, vyombo vya maziwa na maji. Anayemwongoza hutembea kwa miguu yake mbele, kamba mkononi, kwenye jua lile lile, mchanga ule ule. Kutokana na neno hilo Kisomali kikapata hoggaamiye, kiongozi.

Sasa linganisha. Mwenye xakame yuko juu na nyuma ya kichwa cha mnyama. Hakanyagi chini. Mnyama akichoka, yeye hajachoka. Mwenye hoggaan yuko chini na mbele. Mwiba wa njiani anaukanyaga yeye kwanza. Akikosea njia, amekosea na miguu yake mwenyewe. Zote mbili ni kamba, na katika zote mbili kuna mmoja anayeamua na mwingine anayefuata. Sitaki kumfanya ngamia awe mjumbe wa kamati. Lakini gharama ya kukosea haiangukii mahali pamoja.

Kiswahili nacho kilikuwa na mtu wa namna hiyo. Katika misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, aliyetangulia mbele na bendera aliitwa kirangozi, na huyo ni ndugu wa kiongozi wetu wa leo. Alitembea kama wapagazi wenzake. Wapagazi wakiona safari imekuwa ya kuwaua au malipo hayaeleweki, walitoroka usiku, na asubuhi kirangozi alikuwa na bendera bila msafara. Kwa hiyo tukisema "viongozi walioshika hatamu", tunasema vitu viwili visivyokutana: mtu atembeaye mbele, na mtu aliyekaa juu. Hatuoni ajabu yoyote. Labda ni kwa sababu tumewazoea watu wanaoomba kura kwa miguu na kutawala kutoka kwenye gari lenye vioo vyeusi.

Nisiwasifu sana wa kutangulia. Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 alisema atafuata nyayo, na baadaye sisi sote tukatakiwa kufuata zake. Hakuna hatamu hapo, ni alama za miguu mchangani tu, kitu kipole kabisa. Na jumba la serikali lililopewa jina hilo Nairobi ndilo ambalo watu waliteswa ndani yake, chini kabisa ya ghorofa zake, miaka ya themanini. Kwa hiyo kuwa mbele peke yake si usafi.

Na kwetu pia kuna aibu ndogo ambayo hatupendi kuitaja. Nilimuuliza ayeeyo ni nani hasa alishika hoggaan tulipohama. Akanitazama kama nimeuliza nani alizaa watoto. Kwa desturi wanawake ndio hujenga na kubomoa ile nyumba, huipakia juu ya ngamia na kushika kamba. Wanaume na vijana wako na mifugo mingine, au wametangulia kutafuta malisho na maji. Katika ukame wa 1984 alishika kamba siku kadhaa kuelekea mtoni, na mama yangu akiwa juu ya mzigo, mgonjwa. Yaani neno letu la kiongozi limechukuliwa kutoka mkononi mwa mwanamke, likapelekwa chini ya mti ambako wazee wa kiume hukaa kuamua, na yeye hakualikwa. Alipoulizwa na mgombea wangu ampigie kura "hoggaamiye kijana", ayeeyo alimuuliza amewahi kupakia ngamia mangapi. Kijana alidhani ni mzaha wa bibi.

Nilipoanza kuvuta uzi huu sikuweza kuacha. Siasa: katika Kiarabu asili yake ni kumtunza na kumfundisha farasi, na Kiswahili cha zamani kina neno saisi, mtunza farasi, kutoka mzizi huo huo. Hukumu, hakimu, mahakama, hekima: mzizi wake ni kuzuia, na hakama ni sehemu ya lijamu inayomzuia farasi. Hiyo ndiyo xakame ya ayeeyo! Kila unapopita mbele ya mahakama ya Garissa unapita mbele ya lijamu. Nilikuwa nadhani lugha ya serikali yetu ilizaliwa ofisini. Kumbe nusu yake ilizaliwa zizini.

Na zizini ndimo nilimopata jibu la swali. Raia. Neno hili zuri, la pasipoti na katiba, linatokana na neno la Kiarabu la kundi la wanyama wanaochungwa. Mchungaji kule ni rai, na kundi lake ni raia. Hilo ndilo farasi, ayeeyo. Lilikuwa mdomoni mwangu muda wote.

Wenyeji wa huku hawahitaji kamusi kulijua hilo. Safari moja nikirudi Nairobi basi lilisimamishwa kwenye kizuizi, kama kawaida, na sote tukashuka na vitambulisho mkononi. Afisa mmoja akapaza sauti: "Raia, laini moja!" Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa ameshika kitambulisho kwa mikono miwili, na nikafikiria kipande, kile cheti ambacho wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kuvaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Hakuna aliyewafundisha etimolojia. Ayeeyo bado ana kadi yake ya waridi ya mwaka 1989, wakati Wasomali wa Kenya walipochujwa mmoja mmoja ili kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Anaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho, ingawa siku hizi hakuna anayeiulizia. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa vijana wa mipakani wanaotafuta vitambulisho umekwisha. Nilimpigia simu ayeeyo kumweleza. Alisema vizuri. Kadi hakuitupa.

Najua kuna msomaji anayetaka kunikatiza. Mgombea wangu alinikatiza mapema zaidi. Nilimtumia ujumbe mrefu, nikamweleza lijamu, ngamia, raia, kila kitu, saa tano usiku. Akajibu: "Walaal, ni msemo tu." Na ana haki. Maneno husahau yalikotoka, na ni vizuri yasahau, la sivyo tusingeweza kusema chochote. Hakuna hakimu anayemwona farasi akisema hukumu. Mtu akisema "raia wana haki", hasemi mbuzi wana haki. Kuna watu wamekufa wakilijaza neno hilo maana mpya, na si kazi yangu kulirudisha zizini kwa sababu nimefungua kamusi.

Lakini hatamu ni tofauti, na ushahidi wangu si kamusi. Ni namna tunavyoisema leo. Hatamu hushikwa, hukabidhiwa, hunyakuliwa, hupokonywa, hulegezwa. Soma magazeti ya wiki yoyote utavikuta vitenzi hivi. Vyote ni vya mpandaji, au vya mpandaji mmoja akigombana na mwingine. Hakuna hata kimoja ambacho farasi ndiye mtendaji. Hajawahi kukataa, hajawahi kusimama njiani, hajawahi hata kuchoka. Ukimtafuta kwenye sentensi humpati. Kwa hiyo msemo haujasahau asili yake. Umemsahau farasi tu, na huo ni usahaulifu unaomfaa mpandaji.

Tanzania waliusema wazi kuliko sisi. Mwaka 1975 katiba ilirekebishwa ili chama kiwe juu ya vyombo vyote, na kwa miaka mingi wito ulikuwa "Chama kushika hatamu", hadi vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Msomaji wa Dar atanisahihisha kuhusu mengine, lakini ninachokipenda katika wito ule ni ukweli wake. Haukujifanya kwamba hakuna kamba.

Sisi wa umri wangu tulijaribu kitu kingine. Juni 2024, wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, tulikuwa tukisema hatuna kiongozi, na tulilisema kwa kujisifu. Nilikuwa barabarani tarehe 25. Kwa masaa machache pale katikati ya jiji niliona jinsi inavyokuwa pasipo mtu juu: watu wanagawana maji, wanabeba majeruhi, wanaimba. Halafu risasi. Kesho yake Rais akasema hatausaini mswada. Na kesho kutwa yake hatukujua nani aongee na nani, wala nani aseme sasa twende nyumbani. Marafiki zangu wengine wanasema hapo ndipo tulipokosea, tulihitaji mtu ashike hatamu. Mimi naona tulikosa hoggaan, mtu wa kutembea mbele na kamba ambayo tungeweza kuiachia. Lakini sijui jinsi ya kumpata mtu huyo bila, baada ya wiki mbili, kumkuta amekaa juu. Sijamwona mtu anayejua.

Ipo njia ya tatu, na niliijaribu. Kama hekima inatoka kwenye lijamu, basi labda hekima ni lijamu mtu anayojivisha mwenyewe. Jibu la ayeeyo lingekuwa: farasi ni mimi. Nikaandika upya: Wakati wa vijana kujitia hatamu ni sasa. Mgombea akapiga simu akicheka hadi akakohoa. "Unataka nipigiwe kura au nipigwe mawe?" Alikuwa na haki tena. Vijana wameambiwa wajizuie tangu wazaliwe, na wanaowaambia ni wale wale walioko juu. Ukimhubiria farasi faida za lijamu, umemwongezea mahubiri juu ya mzigo.

Jambo moja lilibaki, na nililiuliza jioni ya mwisho kabla sijarudi Nairobi. Nilimuuliza ayeeyo: ngamia akikataa je? Ukivuta kamba na yeye akalala chini, katikati ya njia, jua kali?

Alisema mwanzo unampigia kelele, kila mtu hufanya hivyo. Halafu unaweka kamba chini na kwenda nyuma kutazama mzigo. Mara nyingi kuna mti uliochomoza ukamchoma mbavuni, au mkeka umelowa na kuwa mzito upande mmoja. Unafungua, unapanga upya. Na kama mzigo uko sawa?

"Basi amechoka," akasema. "Mnalala hapo."

Hotuba niliituma kama ilivyokuwa. Kodi ilikuwa imefika. Bango lilichapishwa, manjano na kijani, na sentensi yangu chini ya uso wake: Wakati wa vijana kushika hatamu ni sasa. Hakushinda. Mvua ilipokuja hatimaye, ile kubwa ya mwisho wa 2023 iliyoleta mafuriko, mtu alichukua bango moja akazibia pembe ya paa la kibanda karibu na mtoni. Nilipopita mara ya mwisho bado lilikuwapo, limepauka, neno "hatamu" likiwa limekunjwa katikati kwenye mbao.

Amenipigia tena mwezi uliopita. Anagombea 2027, na safari hii ana pesa zaidi. Nimemwahidi rasimu kufikia Ijumaa. Leo ni Jumatano na nina mistari mitatu, yote nimeifuta.